Boti ya kwenda bara

Ukimkuta mtu bandarini Malindi, Unguja, begi begani na tiketi mkononi, ukamuuliza safari ya wapi, atakujibu kwa neno moja: bara. Boti ikishafunga gati Dar es Salaam, kwake yeye amefika bara. Aliyeshuka basi siku hiyohiyo kutoka Dodoma atapiga simu nyumbani kusema ameshafika pwani. Mji ni mmoja, na wote wawili wamesema kweli. Kichekesho ni kwamba huyo wa Unguja, alipokuwa shule ya msingi, alikaririshwa kama sisi wengine kwamba dunia ina mabara saba na yeye ni mkazi wa mojawapo, bara la Afrika. Kwa hesabu ya darasani, kila akipanda boti anatoka bara kwenda bara.

Sijamsikia mtu akilalamikia jambo hilo, na nadhani ni kwa sababu neno letu lina akili kuliko kitabu cha jiografia. Bara tumelitoa kwenye Kiarabu: barr, nchi kavu, mwenzake bahr, bahari. Ni neno la mtu aliye chomboni. Kwa nahodha, bara ni pale maji yanapoishia. Mombasa, mtu wa bara ni yeyote aliyeteremka kutoka huko juu, hata kama alikozaliwa ni mwendo wa saa chache kwa gari. India, iliyofikiwa kwa jahazi na upepo, ni Bara Hindi. Neno hili halina maana mpaka ujue msemaji amesimama wapi. Yale mabara saba ya ubaoni yanajifanya hayana msemaji, kana kwamba dunia ilijigawa yenyewe usiku mmoja, ikajipa majina, ikatuachia kazi ya kukariri.

Ardhi inasogea, hilo halina ubishi tena. Lakini ardhi haijawahi kuchora mstari wa bara hata mmoja. Mistari ilichorwa na watu waliosimama mahali fulani wakitaka kitu fulani, na kwa kipimo cha maisha ya binadamu mistari hiyo ndiyo inayokwenda mbio.

Chukua Unguja yenyewe. Mkondo unaoitenga na pwani ya Tanzania una kina cha makumi machache tu ya mita. Zama za barafu zilipofikia kilele, miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda nchi kavu, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takribani mita 120 kuliko leo. Palipo na mkondo palikuwa na mbuga. Katika pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati, na sidhani kuna atakayeniambia kwamba pundamilia waliogelea kutoka Bagamoyo. Chui wa Unguja naye, yule ambaye wazee walidai anafugwa na wachawi, hakuvuka kuja kisiwani. Alikuwa amekaa kwao, maji yakaja kumzunguka.

Pemba ina habari yake. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata enzi hizo. Haina chui. Fahari yake ni popo mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, na popo, kama tujuavyo, ana mabawa. Kwa hiyo ukiufuata mwamba, Unguja ni kipande cha bara kilichozingirwa juzi na Pemba ni kisiwa cha siku nyingi. Ukiifuata Katiba, zote mbili ni Zanzibar na upande wa pili ni Tanzania Bara. Halafu kuna Mafia, yenye maji pande zote nne, samaki na minazi na kila sifa ya kisiwa, ambayo iko Tanzania Bara! Sultani wa Zanzibar aliwahi kuwa na mamlaka juu yake; mwaka 1890 ikaangukia kwa Wajerumani, na leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Karatasi iliifanya Mafia bara bila kuondoa hata ndoo moja ya maji.

Hapo bado hatujaondoka kwenye miaka ya juzi. Rudi nyuma miaka milioni 150, mpaka Lindi. Kati ya 1909 na 1913, kwenye kilima cha Tendaguru, mamia ya vibarua wakisimamiwa na Boheti bin Amrani walifukua mifupa ya dinosaria kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Waliifunga, wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini. Mkubwa wa dinosaria hao amesimama Berlin hadi leo, kimo chake zaidi ya mita 13, na swali la kama arudi nyumbani au la huzuka kila baada ya muda. Mwaka 1914 Werner Janensch, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji huo, alimpa jina la jamii ambalo lilikuwa limeshatolewa kwa mnyama mwingine, Brachiosaurus, aliyechimbuliwa Colorado, Marekani. Wataalamu wengi siku hizi wanawatenga, lakini wanakubali kwamba ni ndugu. Mnyama mzito namna ile hakuvuka Atlantiki. Atlantiki ndiyo iliyokuja kupita katikati ya ukoo wake.

Mambo mawili yalikwenda sambamba bila kujuana. Januari 1912, katika miaka ileile ya wapagazi kubeba mifupa kwenda Lindi, mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Alfred Wegener alisimama mbele ya wanajiolojia huko Frankfurt, akawaambia mabara yaliwahi kushikana na kisha yakaachana. Walimcheka kwa miaka mingi. Kosa lake moja lilikuwa la kweli: hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930. Aliyetoa jibu lililokaribia ukweli alikuwa Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini na kuugua malaria. Holmes alisema mwamba wa chini kabisa, kwa joto lake, hujigeuza taratibu kama uji mzito sufuriani, na ardhi ya juu hubebwa kama utando wa uji huo. Ilibidi kungoja miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa vizuri, ndipo wengi wakasalimu amri.

Sasa tunajua kwamba ganda la dunia limekatika vipande, mabamba, na kwamba mpaka mmoja unapita uani kwetu. Bonde la Ufa lina matawi mawili. La mashariki linashuka kutoka Ethiopia, linapita Kenya, Natron na Manyara, linafifia kuelekea Dodoma. La magharibi linafuata maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa. Matokeo yake Kiswahili kimekaa juu ya mabamba matatu. Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ziko bamba la Somalia. Mwanza na Tabora ziko juu ya kipande kidogo, bamba la Victoria, kilichobanwa katikati ya matawi hayo na kinachojizungusha pole pole. Bukavu na Kalemie ziko bamba la Nubia, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki. Mvuvi wa Kigoma na mvuvi wa Kalemie wanasalimiana kwa lugha moja na kugombea dagaa walewale, huku chini yao kuna mfereji wenye kina cha mita 1,470 ambao kazi yake ya mamilioni ya miaka ni kuwatenganisha.

Lakini kwa kasi gani? Huko Afar, Ethiopia, unakofunguka haraka zaidi, ni milimita sita au saba kwa mwaka. Kwetu ni pungufu ya hapo. Tangu Tanganyika ipate uhuru mwaka 1961, Afar yenyewe haijafikisha nusu mita. Ni kweli kwamba ardhi haiendi kwa mwendo sawa kila siku. Hukaa kimya kisha ikashtuka. Septemba 2005, katika eneo la Dabbahu huko Afar, ufa wa kilomita 60 ulifunguka kwa majuma machache, mahali pengine kwa upana wa hadi mita nane. Julai 2007 kulikuwa na matetemeko mfululizo Gelai, jirani na Ol Doinyo Lengai, na watu wa Nairobi wakatoka maghorofani mbio. Hayo ni mambo halisi.

Ila Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika na picha ya ule mtaro mkubwa ikaingia kwenye kila simu, maneno yaliyofuatana nayo yalikuwa "Afrika inapasuka". Wanajiolojia walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu laini ya volkano yaliyofukia ufa wa zamani. Maelezo hayo hayakusambazwa hata nusu ya picha. Nami nakiri picha niliisambaza, maelezo sikuyasambaza.

Kinachonikera katika habari za "bara jipya la Afrika Mashariki" si kwamba ni uongo. Ni kwamba zimeandikwa kama hati iliyokwisha kupigwa muhuri. Ufa unaweza kuacha kazi katikati. Marekani ya Kaskazini iliwahi kuanza kupasuka miaka bilioni 1.1 iliyopita, ikakata tamaa, na sehemu ya kovu hilo imelala chini ya Ziwa Superior. Na hata wetu ukiendelea mpaka bahari iingie Naivasha, bado halitakuwa bara mpaka awepo mtu wa kusema ni bara.

Bahari ya Shamu inaonyesha hivyo. Rasi ya Arabuni ilikuwa Afrika, mwamba kwa mwamba, mpaka takribani miaka milioni 30 iliyopita ilipoanza kuchanika, na nguvu ileile ndiyo inayofungua Afar leo. Kwa jiolojia Yemeni ni mtoto wa Afrika aliyehama. Kwenye ramani ni Asia, na Afrika inaishia kwenye Mfereji wa Suez, mtaro uliochimbwa na watu na kufunguliwa mwaka 1869. Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, aliuliza kwa miaka mingi kwa nini bahari nyembamba kama ile iwe mpaka wa kutenga watu wanaoshirikiana dini, damu na biashara, akaja na jina lake, Afrabia. Wapo waliomwona anachokoza, na si kila Mwafrika aliyefurahia, kwa sababu historia ya bahari ile ina biashara ya karafuu na ina biashara ya watumwa pia. Hata hivyo swali lake lilikuwa zuri: nani aliamua? Kwa mabaharia waliokwenda na kusi na kurudi na kaskazi, maji yalikuwa njia. Karne ya 19 Sultani mmoja alitawala Maskati na Unguja kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia anavunja sheria ya mabara.

Mashariki mwa Ulaya hata huo mtaro haupo. Wagiriki wa kale waliweka mpaka kwenye mto Don, kwa sababu huko ndiko walikofika. Baadaye Urusi ikataka kuhesabiwa kuwa nchi ya Kizungu, na mpaka ukaanza kusogea mashariki. Philip Johan von Strahlenberg, afisa wa Kiswidi aliyetekwa vitani na kukaa Siberia miaka mingi, alitoa kitabu mwaka 1730 akaupendekeza kwenye Milima ya Ural, na Warusi wakaona umekaa vizuri. Mateka wa vita ndiye aliyetusaidia kujua Ulaya inaishia wapi, na mimi na wewe tumepewa alama kwenye mtihani kwa kurudia maneno yake.

Kiswahili hakikungoja mstari huo. Ulaya kwetu ni ndugu wa neno wilaya. Lilipofika lilimaanisha nchi za huko ng'ambo wanakotoka Wazungu, na mpaka leo mama mkubwa atakwambia mwanawe yuko Ulaya wakati kijana anaendesha lori Texas. Viazi ulaya asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mwanajiografia atasahihisha. Mimi nasema Ulaya ya mama mkubwa ina mantiki: ni mahali mtu anapokwenda akawa haji msibani.

Hesabu yenyewe haina makubaliano. Watoto wa Amerika ya Kilatini hufundishwa kwamba Amerika ni moja, Warusi husoma Eurasia kama kipande kimoja, na pete za Olimpiki ni tano. Mwaka 2017 wanajiolojia waliomba Zealandia, ardhi ambayo New Zealand ni sehemu yake iliyochomoza, itambuliwe kuwa bara ingawa asilimia 94 yake iko chini ya maji. Lakini mfano ninaoupenda ni wa mpira. Bamba la Australia linakwenda kaskazini takribani sentimita saba kwa mwaka, mwendo wa haraka kwa mambo ya mabamba, kiasi kwamba vipimo rasmi vya ramani ya nchi hiyo vya mwaka 1994 vilibidi virekebishwe kwa mita 1.8 vilipofika vya 2020. Shirikisho lake la soka halikuwa na subira hiyo. Lilichoka kucheza na visiwa vidogo vya Pasifiki na kushinda mabao kumi na kitu, na mwaka 2006 likahamia Asia. Ardhi itachukua mamilioni ya miaka kufika huko. Timu ilifika Januari.

Hayo ya mpira yanachekesha. Ya Maore hayachekeshi.

Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, ni kimoja kati ya visiwa vinne vya Komoro, katikati ya Msumbiji na Madagaska. Lugha yao, Shimaore, ni ya ukoo mmoja na Kiswahili. Mswahili akikaa kibarazani nusu saa ataanza kudaka maneno, na atashangaa kwamba mtu akipewa kitu hushukuru kwa kusema marahaba. Mei 2018 kisiwa kilianza kutetemeka. Matetemeko yalikuja kwa mamia, moja lilikaribia kipimo cha 6, na watu wakalala nje. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ilikuta volkano mpya chini ya bahari, kilomita kama 50 mashariki mwa kisiwa, imeinuka takribani mita 800 kutoka sakafuni mahali ambapo awali palikuwa patupu. Uji wa mwamba uliotoka ulikuwa mwingi kiasi kwamba kisiwa kilizama takribani sentimita 20 na kusogea mashariki kwa kiasi kama hicho. Sehemu kubwa ya msogeo huo ilitokea katika mwaka mmoja hivi, kazi ambayo Bonde la Ufa kwetu hulichukua miongo. Kama kuna wenyeji wa mwambao wetu wanaoweza kusema wameiona nchi ikihama, ni wao. Ilihama kuelekea Madagaska.

Kwenye makaratasi ilihamia kwingine. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, Maore ikachagua kubaki na Ufaransa. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 1975 na inaendelea kudai kisiwa chake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limeiunga mkono mara kadhaa. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, na tarehe 1 Januari 2014 ikaingia rasmi katika Umoja wa Ulaya. Wanatumia yuro. Wanapiga kura kuchagua wabunge wa Bunge la Ulaya. Siwalaumu wanaotaka kubaki na Ufaransa: ukimwonyesha mtu hospitali na pensheni upande mmoja, na mapinduzi yasiyoisha upande mwingine, usimtarajie achague kwa kufuata mwamba. Ninachosema ni kwamba tangu 1995, Ufaransa ilipoweka viza kati ya visiwa vya ndugu, mpaka wa Ulaya umepita katikati ya mtu na shangazi yake.

Kutoka Nzwani, kisiwa jirani cha Komoro, hadi Maore ni kilomita 70 hivi, karibu sawa na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam. Huko nako watu hupanda boti. Zinaitwa kwassa-kwassa, ni mashua za uvuvi zenye injini ndogo, na wengi wamezama humo, wakiwemo kina mama wajawazito waliokuwa wakikimbilia wodi ya kujifungulia. Ya Unguja ina ratiba ukutani, maboya ya kuokolea chini ya viti na kijana anayepitisha soda. Ya Nzwani huondoka usiku, taa zimezimwa, na ukimuuliza aliyemo safari ya wapi hatakujibu bara.